Binti yangu ana lupus, sasa mkojo una protini na daktari anataka kinyama cha figo. Nisubiri amalize mtihani?

MamaWawili_Kibaigwa

Habari za jioni wanajukwaa. Naandika kutoka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nina binti wa miaka 14, yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Mwaka jana alianza kulalamika viungo. Akiamka vidole havikunji, kalamu inamshinda mpaka jua litoke. Nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo, na mashavuni akatoka wekundu uliovuka juu ya pua. Tulizunguka sana. Zahanati moja ikasema taifodi, duka la dawa likamchoma sindano za UTI, bibi yake akasema ni mafuta ya kujipaka yamemkataa. Mwisho tukapata rufaa ya kuja Dodoma mjini. Wakapima damu, ANA (kipimo cha kinga inayogeukia mwili) na vingine, wakasema lupus, yaani kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Akaanzishiwa predi (prednisoloni, dawa ya steroidi) na vidonge vya haidroksiklorokwini. Namshukuru Mungu, viungo vimetulia, anafua nguo zake mwenyewe.

Kliniki ya mwezi huu ndiyo imenivuruga. Mkojo umekutwa na protini alama tatu na chembe za damu, na presha iko juu kwa umri wake. Daktari anasema lupus imeingia kwenye figo, anataka alazwe achomwe sindano ya kuchukua kinyama. Mtoto mwenyewe anasema hana shida yoyote. Kiuno hakiumi, anakojoa kama kawaida. Ninachoona mimi ni macho kuvimba asubuhi, na ikifika mchana yamerudi.

Mtihani wa kidato cha pili uko karibu na amejiandaa vizuri mno. Jirani yangu ameapa kwamba figo ikichomwa sindano ndiyo imekwisha. Baba yake yuko Mtera kwa shughuli za samaki, nikimpigia anasema mtoto mzima analazwa kwa lipi, tusubiri Desemba.

Naomba waliopitia haya wanieleze. Kinyama kinaharibu figo au la? Tukisubiri miezi michache kuna ubaya gani? Na dawa watakazoongeza zitamfanya nini? Uso tayari umejaa kwa sababu ya predi, bwenini wamempa jina, na hilo linamuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Msinitishe, lakini msinifiche.

Nesi_Makole

Pole sana mama mwenzangu. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya watoto hapa mjini kwa muda mrefu. Nitasema ya upande wangu, ya dawa wengine wataongeza.

Macho kuvimba asubuhi na kunywea mchana ni maji. Usiku akilala yanakusanyika usoni, akisimama yanashuka miguuni. Mwambie avue soksi jioni, uone kama alama ya mpira inabaki kwenye ngozi. Uliza pia kama mkojo una povu linalokaa.

Kutokuumwa kusikupe amani. Lupus inachoma vichujio vidogo vya figo, na vichujio hivyo vikiungua mtoto hasikii chochote. Ndiyo maana kila kliniki tunadai mkojo hata mtoto akija anacheka. Kwa watoto na vijana wenye lupus, karibu nusu yao au zaidi figo huguswa, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Binti yako yuko hapo hapo.

Kijiti cha mkojo, kile kilichotoa alama tatu, kinasoma rangi tu. Muulize daktari kama wamepima uwiano wa protini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo. Kipimo hicho kinataka mkojo wa kwanza wa asubuhi, akitoka kitandani tu, kwa sababu vijana wengine huvujisha protini kidogo wakiwa wamesimama hata kama figo ni nzima. Na asipimwe akiwa hedhini, damu itaonekana na mtahangaika bure. Kwenye damu watataka kreatinini, na C3 na C4, protini za kinga ambazo hushuka lupus ikiwaka.

Matroni wa shule aambiwe leo: mtoto huyu asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, hata tumbo la hedhi likimuuma. Panado inatosha. Na akipata kichwa kikali, macho kuona ukungu, degedege, mkojo kupungua sana, au akishindwa kupumua akilala chali, asingojeshwe mpaka asubuhi.

Binti_wa_Hombolo

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu binti yako ni mimi wa zamani kidogo. Mimi nilianza nikiwa kidato cha tatu. Sasa nimemaliza chuo, nafanya kazi, na figo zangu bado zinafanya kazi.

Kwanza kinyama, maana ndicho kinachokunyima usingizi. Nililala kifudifudi, wakaniwekea shuka lililokunjwa chini ya tumbo. Daktari akatafuta figo kwa ultrasaundi, akachoma ganzi, hiyo ndiyo iliyouma. Kisha akaniambia nishike pumzi, nikasikia mlio mkavu kama wa stepla. Wakarudia ili wapate kipande cha kutosha. Baada ya hapo ni kulala chali bila kuinuka, na hilo kwa kweli lilinichosha kuliko sindano. Kila nikikojoa nesi alichukua chupa akaitazama dirishani. Ya kwanza ilikuwa na wekundu wa mbali, zilizofuata zikawa safi. Kesho yake nikaenda nyumbani.

Wanachotoa ni uzi mwembamba wa nyama. Figo moja ina vichujio karibu milioni, uzi ule unabeba makumi kadhaa tu. Hatari ipo, ni kutoka damu, na ndiyo sababu hawachomi mpaka presha ishuke na wapime damu kama inaganda vizuri. Mara chache sana damu hutoka nyingi. Akiruhusiwa, asibebe ndoo ya maji wala kucheza netiboli mpaka daktari aseme. Kibaigwa najua habari ya maji, kwa hiyo panga mapema nani atachota.

Jirani yako pengine alimjua mtu aliyechomwa figo zikiwa zimeshakwenda mbali, akaona sindano, akaona mgonjwa kazidiwa, akaunganisha.

Sasa kwa nini wanakitaka. Protini alama tatu inasema figo inavuja, lakini haisemi kwa nini. Madaktari wanagawa figo ya lupus katika madaraja 6, na mgawanyo huo unasomwa kwenye darubini kutoka kwenye kile kinyama. Daraja la 1 na la 2 mara nyingi halihitaji dawa nzito. La 3 na la 4 ndiyo moto wenyewe, linataka dawa kali na haraka. La 5 linavujisha protini nyingi na kuvimbisha mwili. La 6 ni makovu, na dawa za lupus haziondoi kovu. Mtoto wa daraja la 2 na wa daraja la 4 wanaweza kukaa benchi moja kliniki na wote wakasema hawaumwi. Mimi nilikuwa la 4, na siku niliyopewa jibu nilikuwa nimetoka kucheza kwata.

Kwa hiyo Desemba, mama, hapana. Kichujio kilichoungua kikipata dawa kinaweza kupona, kikishakuwa kovu hakirudi. Miezi ya kusubiri ndiyo inayogeuza kimoja kuwa kingine, na mtoto hatakuambia kwa sababu hasikii. Kinyama chenyewe hakimkoseshi mtihani. Ni kulala hospitali usiku mmoja au miwili, akarudi darasani. Barua ya daktari impate mkuu wa shule mapema, asije akasikia habari siku ya mtihani.

Dawa. Ikiwa ni la 3 au la 4, mara nyingi wanaanza na steroidi ya dripu siku tatu hivi, halafu predi ya vidonge. Juu yake wanaweka dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ama maikofenoleti, vidonge vya asubuhi na jioni, ama saiklofosfamaidi ya dripu. Mimi nilipata dripu. Kuna ratiba ya dripu ndogo 6, moja kila wiki mbili, na kuna ya kila mwezi, daktari anachagua. Kichefuchefu kilikuwepo, na unalazimishwa maji mengi ili kibofu kisiungue. Uliza wazi kuhusu uzazi, usione haya mbele ya daktari. Dawa hiyo ikizidi kipimo inaweza kudhuru mayai ya msichana, japo dozi ndogo na umri mdogo hupunguza hatari. Maikofenoleti yenyewe inaharibu mimba, na vidonge vya presha kama enalaprili au losartani navyo havipatani na mimba. Binti ana miaka 14 na najua unasema hayo bado. Lakini atazitumia miaka, dawa za kulinda figo hazikatishwi upesi, mara nyingi ni miaka mitatu na zaidi hata mkojo ukiwa safi. Ayasikie kwa daktari, kwa utaratibu, kabla hajayahitaji.

Haidroksiklorokwini asiiache kamwe bila amri ya daktari. Ni ndugu wa ile klorokwini ya malaria tuliyokuwa nayo Tanzania mpaka 2001. Bibi yangu alipoona jina alikataa nisinywe, akikumbuka ilivyomwasha mwili mzima. Inazuia lupus kuwaka tena, na inasaidia figo. Inapimwa kwa uzito wa mtoto, na macho yake yachunguzwe na mtaalamu mara kwa mara, hasa kama figo zina shida.

Nimefika kwenye uso, na hapa naomba unisikilize sana. Wodini nililala jirani na msichana mzuri, mcheshi, alikuwa anaweka predi chini ya ulimi na kuitema nesi akigeuka. Alikuwa amechoka kuitwa majina. Predi ikikatwa ghafla mwili unaporomoka, kwa sababu tezi zinazotengeneza homoni hiyo zimelala. Na lupus inarudi na nguvu zote. Alirudi wodini amevimba mpaka miguu inapasuka, akaanza kusafishwa damu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu uso wake. Kila mtu alimuuliza kuhusu mkojo.

Mama yangu alifanya jambo moja ambalo nadhani ndilo lililonivusha. Alimwomba daktari aandike dozi ya predi itashuka lini na kwa kiasi gani, kama mambo yakienda vizuri. Akabandika ile karatasi ndani ya jalada la daftari langu la hesabu. Nikawa naona mwisho wa ule uso. Dozi ilivyoshuka, mashavu yalipungua, chunusi zikakauka. Michirizi ya mapajani imebaki, lakini imefifia. Mwambie mwanao yote haya kabla, amwone daktari peke yake dakika chache wewe ukiwa nje, na kadi yake ya kliniki aishike yeye.

Chakula: chumvi ipungue, na sisi wa huku tusisahau magadi. Mlenda wa magadi una sodiamu vilevile, mwili hauulizi imetoka chumvini au magadini. Samaki wa chumvi wa Mtera baba akileta, wale wengine. Zabibu na ubuyu uliza baada ya kuona kipimo cha potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa.

Jua la Dodoma ni adui wa kweli wa lupus, linaamsha ngozi na ndani pia. Kofia pana, mikono mirefu, na barua ya daktari ili asisimamishwe mstarini saa sita wala kupelekwa shamba la shule. Shule nyingi hukataa kofia mpaka waone muhuri.

Mzee_wa_Nzuguni

Mimi nashauri kabla ya hospitali kumpasua, mpeni mlonge na mwarobaini wiki tatu, muone. Watoto wengi wamepona figo kwa mizizi, dawa za hospitali zenyewe ndizo zinamaliza figo.

Baba_Manyoni

Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima zote nasema hapana.

Mwanangu ni wa kiume, na hilo peke yake lilituchelewesha. Kila mtu alidhani lupus ni ya wasichana. Ni kweli inawashika wao zaidi, lakini wa kiume wapo, na kwa watoto wadogo tofauti hiyo hupungua. Alikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, akatibiwa kichocho, mkojo haukubadilika. Wakati huo huo ndugu walimletea mizizi ya kuchemsha kutoka pande tatu tofauti. Kila mletaji alikuwa anampenda mtoto, sina kinyongo na mtu. Lakini daktari alipouliza anakunywa nini na kiasi gani, hakuna aliyeweza kujibu. Dawa isiyo na kipimo inapita kwenye figo ile ile iliyojeruhiwa, na ipo mimea inayochoma figo waziwazi.

Mama, kuhusu hela, maana hukuigusa lakini naijua. Kama una bima, uliza kabla dawa ipi iko ndani na ipi utanunua, maana maikofenoleti ya mfululizo si ya kununua kwa kubahatisha. Kama huna, kila hospitali ya rufaa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji, waeleze hali yako bila kuona aibu. Sisi walitusikiliza.

Na baba yake aje kliniki mara moja. Mimi nilikuwa mgumu kuliko huyo wa Mtera, lakini daktari alipogeuza kompyuta nikaona kreatinini ya Juni imepanda kuliko ya Machi, yaani figo zinazidi kushindwa, maneno yaliniisha. Hapa Dodoma hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018, na Muhimbili walianza mwaka mmoja kabla. Ni jambo la kushukuru sana, wapo wanaoishi kwa ajili yake. Lakini mtoto wa miaka 14 ambaye figo zake bado zinaweza kuokolewa kwa vidonge, tusimpeleke huko kwa kungoja.

MamaWawili_Kibaigwa

Mungu awabariki nyote. Nimemsomea baba yake kwa simu jibu la binti wa Hombolo lote, alinyamaza, halafu akauliza kliniki ni lini. Anapanda gari Alhamisi. Nimeangalia soksi jana mtoto alipokuja, alama inabaki.

Nimebakiwa na mawili. Bwenini arudi au nimtoe awe wa kutwa? Na shuleni wanatangaza chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana, achanjwe au nimzuie?

Nesi_Makole

Chanjo hiyo haina kirusi hai, mwenye lupus anaruhusiwa na anaihitaji kuliko wenzake. Zinazokatazwa akiwa kwenye dawa kali ni chanjo zenye kirusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano. Hata hivyo daktari wake aulizwe siku ipi inafaa, maana akiwa kwenye dozi kubwa wanaweza kuisogeza mbele kidogo. Na homa yoyote akiwa kwenye dawa hizi, hospitali siku hiyo hiyo. Asipewe septrini kiholela, dawa za salfa huweza kuamsha lupus.

Binti_wa_Hombolo

Bweni: miezi ya mwanzo ya dawa nzito mimi ningemtaka nyumbani, kwa sababu ya chumvi ya maharage ya shule, ya mafua ya bweni zima, na ya dawa za saa maalumu. Dozi ikishuka na mkojo ukitulia, arudi kama anataka. Muulize yeye. Mimi nilitaka kurudi na nilirudi, matroni akawa anatunza dawa na mimi natunza orodha.

Alhamisi njooni na majibu yote ya zamani, hata ya ile zahanati ya taifodi, maana mkojo wa wakati ule unaweza kuonyesha shida ilianza lini. Andika dawa zote alizowahi kunywa, na mizizi kama ipo. Kama ana aspirini anayotumia, mwambie daktari kabla ya siku ya kinyama. Mkojo wa asubuhi auchukue Kibaigwa kabla hamjaondoka, kwenye chupa safi ya maabara, na aandike saa. Nikitoka kazini saa tisa naweza kuwapokea stendi ya Nanenane na kumkalia mwanao wakati nyie wawili mnaongea na daktari. Nitumie ujumbe wa ndani.